Tutasali Njiani

Daktari alimuuliza Mama uvimbe ule aliuona lini. "Kama wiki mbili hivi," Mama akajibu. Baba, ambaye huongea kana kwamba maneno yanakatwa kodi, akakohoa kidogo: "Ni tangu kabla ya mwaka mpya." Mimi nilikuwa nimeketi katikati yao, na habari yenyewe niliipata juzi yake. Swali moja, majibu matatu. Jioni ile nikafungua daftari la kurasa 96, nikaandika tarehe juu, nikaapa kwamba kuanzia hapo hakuna jambo la mwili wa Mama litakalokumbukwa kwa kubahatisha.

Miezi yote ile alikuwa akiuombea uvimbe wake kimya kimya. Saa kumi alfajiri anaamka, anapiga magoti kando ya kitanda, anauwekea mkono, anarudi kulala. Baba alikuwa akimsikia na kujifanya amelala. Leo siwalaumu. Siku ile niliwalaumu wote wawili, na lile wingu kubwa la mashahidi nikalijumlisha humo humo.

Ninayoyaweka hapa nimeyatoa daftarini, nimeyapunguza tu. Siku ya 1 ni siku ya dripu ya kwanza, si siku ya majibu. Siku ya majibu niliandika mstari mmoja: "Saratani ya titi, hatua ya 3, homoni ndiyo, HER2 hapana," yaani inalishwa na homoni, na haina wingi wa ile protini iitwayo HER2. Chini yake kuna tone la maji lililokauka na sijui lilidondoka kwa nani.

Siku 4 kabla

Ultrasaundi ya moyo. Sikuelewa kwa nini mtu anayeumwa titi apimwe moyo, mpaka tulipoelezwa kwamba dawa mojawapo, doksorubisini, inaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na kwamba kuna kiwango cha jumla ambacho mtu hapaswi kukivuka maisha yake yote. Mama alilala ubavu akautazama moyo wake kwenye skrini, ule mlango mdogo unaofunguka na kujifunga. Akamuuliza mpimaji kama huo ndio ule tunaoomba uumbwe safi. Mpimaji akasema yeye anapima nguvu tu, usafi haumo kwenye fomu.

Mpango tulioandikiwa: kemo kwanza ili uvimbe usinyae, kisha upasuaji, kisha mionzi, mwisho kidonge cha miaka mingi. Kemo yenyewe ni dozi 4 za dawa mbili kwa pamoja, kila baada ya siku 21, halafu dozi 12 za dawa ya tatu, moja kila wiki. Kaka yetu mkubwa, anayeishi mbali, alipouona mpango huo kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na Mungu ameandikwa wapi hapo?" Nilimjibu vibaya. Jibu lenyewe silirudii.

Siku ya 1, Jumatatu

Dawa ni nyekundu kama wino wa mwalimu. Haiachwi itiririke yenyewe. Sista anakaa karibu anaisukuma kwa mkono, polepole, macho hayatoki kwenye mshipa, kwa sababu ikivujia nje ya mshipa inaunguza nyama. "Mama, kunachoma? Kunawasha?" Kila baada ya dakika anauliza. Mama anajibu, "Hapana, mwanangu," na mimi nimeshajua kwamba "hapana" ya Mama inahitaji shahidi wa pili, kwa hiyo nautazama uso wake badala ya kuusikiliza mdomo.

Mdogo wangu alikuwa amesoma mahali kwamba dawa hii ina asili ya udongo. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Italia walichota udongo karibu na ngome ya kale iitwayo Castel del Monte, wakapata humo bakteria anayetengeneza rangi nyekundu, na kutokana na jamii ya bakteria huyo ikaja kupatikana dawa. Hata jina lake moja la biashara lilichukuliwa kwenye bahari ya Adriatic iliyo karibu na hapo. Mama alisikiliza yote hayo huku akiitazama sindano.

"Udongo?" akasema. "Basi huyu ni ndugu yangu."

Tukaambiwa mkojo utakuwa mwekundu siku hiyo na pengine kesho yake. Tukasahau kumwambia Baba. Jioni alitoka msalani amekwajuka, akaketi kitandani bila neno, na ilituchukua muda kuelewa kwamba alidhani ameona damu.

Siku ya 2

Mama hakulala hata lepe. Saa tisa usiku nilimkuta anasugua makabati ya jikoni, mashavu mekundu, anaimba. Kosa ni letu: vidonge vya deksamethasoni, vinavyosaidia kuzuia kichefuchefu, vilitakiwa vimezwe asubuhi kwa sababu vinafukuza usingizi. Sisi tulimpa jioni. Nimeandika kwa herufi kubwa: ASUBUHI.

Na maji. Ile dawa ya pili, siklofosfamidi, inaweza kuumiza kibofu, kwa hiyo anywe maji mengi na akojoe mara kwa mara, hata usiku.

Siku ya 3, 4 na 5

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Aliyeutunga msemo huo hakuwahi kumuuguza mtu wa kemo. Huyu unamuuliza, anakubali, unapika, harufu inamfikia kabla ya sahani, anageukia ukutani. Unamuuliza tena. Kijiko cha chuma kinamwachia ladha ya msumari mdomoni, kwa hiyo tumehamia kijiko cha plastiki. Chakula kikipoa ndipo angalau kinavumilika, kwani harufu imepungua. Mdomo anausukutua mara nne kwa siku kwa maji yenye chumvi na soda ya kuokea (bikaboneti) kidogo, na mswaki ni ule laini wa mtoto.

Kutapika kumedhibitiwa na ondansetroni. Ila ondansetroni nayo inafunga choo. Sijawahi kumsikia mtu akisimama mbele ya waumini kuomba maombi kwa ajili ya choo kigumu. Siku ya 5 tuliomba, mimi na mdogo wangu, nje ya mlango wa msalani, na tulikuwa na uzito wote wa watu wanaoombea mvua. Jibu lilikuja usiku, kwa msaada wa dawa ya kulainisha. Nimeliandika daftarini pamoja na saa.

Siku ya 8

Shangazi amekuja. Anampenda Mama, hilo niliandike kwanza. Aliketi, akafungua mkoba, akasema alikuwa na mzigo moyoni: kwamba mtu aliyeamini ameshapona, na anayeendelea kwenda kutundikiwa dripu anamwambia Mungu kwamba hamwamini. Amsindikize kwa maombi ya siku 40, dawa ziwekwe kando.

Chumba kilinyamaza. Nilikuwa na hotuba nzima tayari kooni, ya takwimu na hasira. Mama akanitangulia, amelala, macho yamefumbwa.

"Wifi yangu, Hezekia aliomba au hakuomba?"

"Aliomba."

"Akasikiwa?"

"Akasikiwa. Akaongezewa miaka 15."

"Na Isaya akawaambia watu waweke nini juu ya jipu?"

Shangazi akanyamaza. Ni mkate wa tini. Katika kisa kile ahadi inatolewa kwanza, na tini zinaagizwa baada ya ahadi, na hakuna mahali nabii anapoona haya kuagiza dawa. Mama alikuwa amesoma habari hiyo mara nyingi kuliko sisi sote, na nadhani aliisoma hasa katika ile miezi ya kuamka saa kumi. Sijui kwa nini hakuitumia mwenyewe mapema. Nilitaka kumuuliza, nikamwona ameshalala.

Shangazi alikaa mpaka jioni. Alifua mashuka. Hakurudia tena.

Siku ya 11

Hii nimeiandika siku tatu baadaye, kwa hiyo saa zingine ni za kukadiria.

Tulikuwa tumefundishwa hivi: kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu hushuka mpaka chini kabisa, kwa sababu kemo hushambulia kila seli inayogawanyika haraka, na uboho wa mifupa umo. Mtu anabaki hana walinzi. Joto la mwili likifika 38, hakuna kusubiri kupambazuke, ni hospitali. Na asimeze parasetamoli kabla ya kupimwa, maana inashusha joto huku maambukizi yakiendelea chini kwa chini.

Jioni ile kikundi cha maombi cha Mama kilikuja, watu saba. Mama alisisitiza akae nao sebuleni, amejifunika shuka mbili. Mdogo wangu akampima: 37.4. Tukatulia. Wakaimba, wakasoma. Nilimwona Mama anatetemeka mikono nikajiambia ni hisia. Kama saa nne usiku mdogo wangu alimpima tena, na safari hii kipimajoto kilisoma 38.6. Akaingia chumbani. Akarudi ameshika karatasi ya vidonge, vinne vimetolewa. Ilikuwa ndani ya kifuko cha Biblia.

"Mama, umemeza hizi saa ngapi?"

"Mchana. Na magharibi kidogo." Akatazama chini. "Sikutaka kuwakatiza wageni."

Watu wote walikuwa wamesimama. Mtu mmoja akasema, kwa nia njema kabisa, "Tumalizie basi sala, dakika chache tu, halafu mwende." Wengine wakaanza kufumba macho. Mimi, mwenye daftari, mwenye hotuba, nilisimama kama nguzo. Mdogo wangu ndiye mpole wa nyumba yetu, hajawahi kumkatiza mtu mzima maishani mwake. Alikuwa tayari ameshika funguo za gari.

"Tutasali njiani," akasema.

Aliyetaka sala imalizwe ndiye aliyefungua mlango. Akaingia kiti cha nyuma, akaipakata miguu ya Mama, akasali tangu tunatoka getini mpaka taa za hospitali, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka. Baba alikaa mbele. Kwenye mataa ya barabarani nilimsikia akisema "Amina" peke yake, katikati ya sentensi ya mwenzake, kama mtu aliyeshindwa kusubiri.

Mapokezi mdogo wangu alisema maneno ambayo tulikuwa tumeelekezwa tuyaseme hivyo hivyo: "Yuko kwenye kemo, siku ya 11, ana joto 38.6." Hatukupanga foleni. Damu ilichukuliwa, na antibiotiki ya mshipani ikaanza kabla ya saa kuisha.

Siku ya 12 hadi 15

Neutrofili, zile chembe nyeupe zinazotangulia vitani, zilikuwa 0.2. Kwa kawaida zinatakiwa zianzie kama 2. Daktari hakugomba. Alivuta kiti, akamwambia Mama, "Ukinificha maumivu, natibu mtu mwingine." Mama akajibu, "Nimesikia, daktari," kwa ile sauti aliyokuwa akituambia sisi tuwajibu nayo walimu.

Wageni hawakuruhusiwa. Watu wa kikundi waliambiwa wasije, nao wakagawana saa za kuomba wakiwa kwao, na kila aliyemaliza zamu alinitumia ujumbe wa neno moja: "Nimekabidhi." Usiku wa manane simu inatoa mwanga: Nimekabidhi. Nilizima sauti, mwanga nikauacha.

Usiku wa siku ya 13 nilimuuliza kwa nini alificha. Mama alifikiri muda mrefu. "Kila mtu alikuwa anasema nina imani kubwa," akasema. "Nikaona homa itawaangusha."

Siku ya 15 chembe zilifika 1.4, tukarudi nyumbani. Kuanzia dozi inayofuata atachomwa sindano ya kupandisha chembe nyeupe, siku moja baada ya dripu.

Siku ya 17

Kwanza ngozi ya kichwa ilimuuma, kama mtu aliyesukwa na kukazwa mno. Kisha asubuhi mto ulijaa nywele. Hakulia. Alimwita Baba, akampa mashine ya kunyolea ndevu. Baba alinyoa taratibu, akipuliza shingoni kila mara, na alipomaliza akageuza mashine kwenye kichwa chake mwenyewe, akaacha mstari usionyolewa nyuma ambao hakuna aliyemwambia kwa siku mbili.

Siku ya 22

Dozi ya pili. Moyo wa kwanza wa hofu umepita, tunajua kiti kipi kina soketi ya simu. Ile sindano ya siku ya pili inampa maumivu ya mifupa, nyonga na kifua, kwa sababu uboho unalazimishwa kufanya kazi haraka. "Ni kelele za kiwandani," mdogo wangu anamwambia.

Kaka anatuma sala za sauti kila asubuhi. Ya leo ni dakika 11. Mama anaiweka karibu na sikio na mara nyingi analala kabla ya dakika ya tatu. Nilikuwa naona ni upotevu. Sasa nadhani ndiyo kazi yake.

Siku ya 46 hadi 52

Dozi ya tatu ilimvunja. Joto hamna, damu si mbaya, hakuna cha kumpeleka hospitali. Ni kuchoka tu, ule uchovu ambao kulala hakuutoi. Siku ya 46 mtu alipiga simu kuomba amwombee, nikampelekea Mama simu, akaisukuma kwa mgongo wa mkono.

"Sitaki kuombewa leo. Nimechoka kuwa mfano."

Sikujua niandike nini. Niliandika hivyo hivyo.

Nilitaka kumwita mchungaji, kaka akataka tufunge wote, mdogo wangu akawa analia bafuni maji yakiwa wazi ili tusisikie, tukasikia. Baba hakusema lolote. Alileta kiti akakiweka kando ya kitanda, upande wa dirisha, akaketi. Siku nzima. Kesho yake tena. Hakusoma, hakusali kwa sauti, hakushika simu. Mama akigeuka, anageuza mto. Mama akiamka anamkuta.

Siku ya nne nilimletea maji nikamwambia apumzike kidogo. Akaniuliza kama nakumbuka rafiki zake Ayubu. Nikasema nakumbuka, wale waliomchosha kwa maneno. "Hayo ya baadaye," akasema. "Mwanzo walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku, hakuna aliyefungua mdomo. Walianza kukosea walipoanza kusema." Hiyo ndiyo hotuba ndefu zaidi niliyomsikia Baba akiitoa mwaka ule wote.

Siku ya 52 Mama aliomba dirisha lifunguliwe. Kisha akaomba chai. Baba akaenda kuichemsha mwenyewe, na alipopita mlangoni niliona magoti yake hayanyooki vizuri.

Siku ya 64

Dozi ya nne, ya mwisho ya wekundu. Daktari anaupima uvimbe kwa vidole, kisha kwa ultrasaundi. Mwanzoni ulikuwa sentimita 5.5. Sasa ni 3 na kidogo. Mama akauliza kama sasa aseme ametiwa moyo au asubiri. Daktari akasema aseme.

Siku ya 85 hadi 162

Jumatatu 12 za paklitakseli. Dawa hii inatokana na gome la mti, aina ya yew inayoota pwani ya magharibi ya Marekani ya Kaskazini. Sampuli za gome zilikusanywa mwaka 1962, na muundo wa dawa ukachapishwa 1971. Mdogo wangu alimsimulia Mama hayo tukiwa tumeketi kusubiri zile dakika za mwanzo ambazo sista haondoki, maana mwili unaweza kuikataa dawa ghafla. Mama akahesabu kwa vidole: tini, udongo, gome. "Shangazi yenu tutamwambia na hili," akasema, na nikajua amerudi.

Kichefuchefu kidogo, nywele zinaanza kuota mfano wa ukungu. Ila dawa hii inagusa mishipa ya fahamu. Kufikia wiki ya saba ncha za vidole zimekufa ganzi, na nyayo pia. Vikombe vinamponyoka. Vifungo vya gauni tumevibadilisha kwa zipu. Kilichomuuma zaidi hakuna aliyekitegemea: karatasi za Biblia. Ni nyembamba mno, hazihisi, anazigeuza tano kwa mara moja, anatoka Zaburi anaangukia Mithali. Siku ya 131 aliifunga kwa hasira.

Tangu hapo mdogo wangu anakaa kushoto kwake kila jioni kumfunulia. Mama anasoma kwa sauti, akifika mwisho wa ukurasa anatikisa kichwa kidogo, mdogo wangu anafunua. Mimi si mtu wa ibada sana, na sikuwa nahudhuria. Nilikuwa nakaa chumba cha pili nahesabu vidonge vya kesho, na nilikuwa nausikia ule ukimya mdogo kati ya ukurasa na ukurasa.

Daktari ameambiwa habari ya ganzi. Mama ndiye aliyemwambia, bila kuulizwa. Dozi mbili za mwisho zilipunguzwa kidogo.

Siku ya 190

Upasuaji. Titi la kushoto lote na tezi za kwapani. Ulichukua muda wa saa tatu na nusu. Kaka amefika jana, na suti, na sala.

Naandika kidogo kwa sababu sina nguvu: ametoka salama, ameamka, ameuliza kama tumekula.

Siku ya 191 hadi 199

Ubavuni ana mrija unaotoa majimaji kwenye kichupa laini. Mara mbili kwa siku lazima mtu akamue mrija kwa vidole kuelekea chini ili usizibe, amwage, apime, aandike. Mrija hutolewa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku nzima. Siku ya kwanza 140.

Mimi nilijaribu nikaona giza. Kaka alivua saa, akanawa mpaka kwenye viwiko, akaomba aonyeshwe. Tangu siku hiyo kazi ni yake. Mwandiko kwenye kurasa hizi ni wake: 140, 115, 90, 85, 60, 62 (hapo ameweka alama ya kuuliza), 44, 31, 24. Sala za dakika 11 hazikusikika wiki ile. Nilipomtania, alisema haachi, ni kwamba anasali akikamua, na mikono ikiwa na kazi maneno yanakuwa machache.

Siku ya 204

Majibu ya maabara. Kati ya sentimita 5.5 imebaki 1.1. Tezi 11 zimetolewa, 1 ina seli za saratani. Kingo za jeraha safi. Daktari ametuambia kwamba kwa saratani ya aina ya Mama, inayolishwa na homoni, si kawaida kemo kufuta kila kitu, na kwamba hii imeitikia vizuri. Kaka alitaka atumie neno kubwa zaidi. Daktari akatabasamu tu. Mama akasema, "Imeitikia vizuri. Mimi inanitosha. Nami niliitikia vizuri, jamani, mbona hamsemi?"

Siku ya 239 hadi 257

Mionzi mara 15, Jumatatu mpaka Ijumaa. Wamemtoboa vidoti vidogo vya wino kifuani ili kila siku mashine ilenge pale pale. Hachomwi, hasikii kitu. Kila mtu anatoka, mlango mzito unafungwa, anabaki peke yake dakika chache ameinua mkono juu ya kichwa. Mkono huo tumekuwa tukiufanyisha mazoezi ukutani, vidole vikitambaa kwenda juu, ili uweze kufika hapo.

Nilidhani upweke ule utamtisha. Siku ya tatu alisema ndiyo sehemu anayoipenda. "Humo hakuna anayenitazama kama ninaendeleaje."

Ngozi imegeuka nyeusi kwapani na inawasha. Kaipaka malhamu aliyopewa, na amesema inawasha siku ile ile ilipoanza kuwasha.

Siku ya 262

Kidonge cha kwanza cha anastrozoli. Kila siku, kwa miaka 5 angalau. Mwanamke aliyekoma hedhi bado hutengeneza estrojeni kidogo, hasa kwenye mafuta ya mwili, na kidonge hiki hukifunga kiwanda hicho ili seli zozote zilizojificha zikose chakula. Gharama yake ni viungo kuuma asubuhi na mifupa kupungua uzito, kwa hiyo atapimwa mifupa, na lile titi lililobaki litapigwa picha kila mwaka.

Niliandika yote hayo, nikaona zimebaki kurasa tatu. Daftari nikaliacha juu ya meza ndogo ya kitandani kwake, pamoja na kalamu, kwa sababu mimi nilikuwa nimerudi kazini na sikuwa najua tena anaamka saa ngapi.

Siku ya 291

Sikuandika mimi. Mwandiko umeinamia kulia, herufi kubwa, kalamu imeshikwa na vidole visivyohisi vizuri:

"Saa kumi alfajiri. Goti la kulia linauma tangu juzi, la kushoto si sana. Sijameza kitu. Nimesali nikiwa nimekaa. Mumwambie daktari."